Funguo za Matroni na Shingo ya Fundi

Watu wakichukiana kwa adabu, nyumba inakalika. Hawa wawili adabu hiyo hawakuwa nayo. Mmoja alikuwa fundi makochi, mwanamke wa makamo, mikono mipana, sauti ya kumsimamisha mtu aliyekwisha vuka barabara, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Wa pili alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, matroni wa bweni la wasichana, ambaye alitembea na rundo la funguo kiunoni hata wakati wa likizo, hata akienda kuoga ukiniuliza mimi. Walikaa nyumba moja, ile Fundi na kaka yake waliyoachiwa na wazazi. Kaka mtu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Nyumbani alifika kubadilisha nguo na kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho, kisha huyoo, barabarani tena.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye kochi. Kaka alipooa, Fundi alimshonea kochi la arusi kwa mkono wake, mahameli ya rangi ya zambarau, vifungo vimezamishwa mgongoni kimoja kimoja. Bibi arusi akaingia, akalinusa, akasema, "Linanuka gundi," na kochi likapelekwa stoo. Likakaa huko mpaka panya wakazalia ndani yake. Hebu niambieni, hapo kuna kusamehe? Fundi hakusamehe, na wala hakujaribu. Matroni naye alikuwa na yake: karakana ya Fundi ilikuwa uani, na kila siku nyundo, vumbi, vipande vya sponji mpaka kwenye sufuria. Aliitaka karakana itoke. Fundi alimtaka Matroni mwenyewe atoke. Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake kubwa duniani: siku moja kaka yake azinduke, amtazame vizuri huyo mwanamke aliyemuoa, amwambie funga virago.

Basi Fundi akaanza kuugua, na ugonjwa wenyewe haukuwa na heshima hata ya kujitambulisha. Kiu isiyoisha. Choo kila saa. Mifupa inauma kana kwamba kashinda akipigwa. Akawa msahaulifu: alimshonea mteja mkasi ndani ya kochi, mteja akarudi nalo akilalamika kwamba kila akikaa linamng'ata. Hasira nazo zikazidi, ingawa hapo Matroni alisema yeye hakuona tofauti. Mwishowe likaja jiwe la figo, Fundi akagaagaa sakafuni akimtukana kila aliyemfahamu, na ndipo akapelekwa hospitali, akatolewa damu, akapigwa picha, akatolewa damu tena.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mtu wa kueleza mambo. Alitaka mgonjwa aje na ndugu. Kaka yuko safarini, sasa ndugu nani? Matroni huyo, kavaa gauni la kazi, funguo zinalia njia nzima.

"Hapa shingoni," daktari alisema, "nyuma ya ile tezi kubwa, kuna vitezi vinne vidogo sana vinaitwa parathairoidi. Kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kupima kalsiamu kwenye damu. Sasa kimoja chako, mama, kimevimba kama harage, hakisikii la mtu. Kinaichota kalsiamu mifupani na kuimwaga damuni. Ndiyo maana mifupa inauma, ndiyo maana ya mawe, kiu, usahaulifu. Tutakitoa."

"Kimoja kikorofi kinasumbua nyumba nzima," Matroni alisema. "Nimeelewa kabisa, daktari. Hata sihitaji picha."

Fundi alimkata jicho.

"Mpaka siku ya upasuaji," daktari akaendelea, "anywe maji mengi. Apunguze maziwa. Na asimeze kidonge chochote chenye kalsiamu. Kwake yeye sasa hivi hiyo ni sumu. Ikipanda zaidi, moyo unaweza kuleta matatizo."

"Na roho mbaya, daktari?" Matroni aliuliza, uso mkavu. "Nayo inatolewa siku hiyo hiyo?"

Daktari, masikini, hakujua alikoingia. Akajibu kwa moyo safi kwamba ndiyo, wagonjwa wengine huwa wepesi wa hasira kwa ajili ya ugonjwa huu, na baada ya upasuaji baadhi yao hutulia. Eti! Fundi alihisi damu yote, na kalsiamu yake, inampanda kichwani. Hasira zake alizitafuta mwenyewe, kwa sababu alizozijua, na leo anaambiwa ni harage shingoni.

Matroni aliyashika maneno ya daktari kama alivyozishika sheria za bweni. Apunguze maziwa? Maziwa yakafa kabisa nyumbani humo. Chai ikawa ya rangi. Jibini, mtindi, hata biskuti zilizoandikwa maziwa, vyote vikafungiwa kwenye kabati la jikoni, kabati lenye kufuli. Alimpimia Fundi maji kwa jagi na kumsimamia mpaka tone la mwisho. Fundi alikunywa akimtazama, na akimaliza anaitua glasi kwa kishindo.

Sasa Fundi alikuwa na kiungulia, cha muda mrefu, na alikuwa na vidonge vyake vya kutafuna, vile vyeupe vyenye ladha ya chaki. Hakumwambia mtu. Alivificha chini ya godoro. Jamani, kumficha matroni wa bweni kitu chini ya godoro! Mwanamke huyo alikuwa amekamata chini ya magodoro kila kitu ambacho msichana anaweza kukificha. Akaingia kutandika, akainua kona, akatoka na paketi mkononi.

"Nini hiki?"

"Pipi."

"Pipi zimeandikwa kalsiamu?"

"Nani kakutuma usome pipi za watu?"

Paketi ikapelekwa mpaka kwa daktari. Damu ikapimwa, kalsiamu imepanda zaidi, na daktari akamsema Fundi mbele ya wifi yake kama mtoto aliyekojoa kitandani. Upasuaji ukasogezwa, akalazwa kwanza apewe maji ya mshipa mpaka damu itulie. Siku zote hizo Matroni alikuwa akija na kurudia neno moja, kwamba pipi zimepatikana. Fundi alikula kiapo kimoyomoyo: huyu nitamlipa.

Siku yenyewe ikafika. Hajala wala kunywa. Daktari wa usingizi alimuuliza meno, mzio, dawa. Daktari wa upasuaji akaja akamchora alama shingoni kwa kalamu, akamweleza kwamba karibu na vitezi hivyo unapita mshipa wa fahamu wa sauti, na kwamba watauhadhari sana, lakini kuna uwezekano mdogo sauti ikakwaruza kwa muda, au zaidi ya muda.

"Kwa jambo hilo usijisumbue sana, daktari," alisema Matroni kutoka mlangoni.

Manesi wakacheka. Fundi hakucheka. Ukweli ni kwamba aliogopa, aliogopa mpaka miguu ilikuwa baridi, na ile sauti ndiyo mali pekee aliyowahi kuitumia bila kubana. Aliposukumwa juu ya kitanda kuelekea chumba cha upasuaji alitaka kumjibu yule mwanamke neno moja la kumkata maini, na halikuja.

Alizinduka shingo imebanwa na bendeji, koo linawaka. Sauti ilikuwepo, lakini mbovu, inakwaruza kama kiti kinachoburutwa. Daktari akamwambia harage limetoka zima, damu imepimwa palepale, mambo mazuri. Baadaye Matroni akaingia na chupa ya chai ya rangi, akaketi. Fundi akafumba macho akajichunguza polepole, akiwa na wasiwasi wa kweli kwamba huenda wamemwibia. Akafumbua, akamtazama Matroni na zile funguo. Alhamdulillahi! Hasira ipo, nzima, haijaguswa hata kidogo. Alishusha pumzi.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alikuja kutoa maelekezo. Mfuko wa dawa mkononi, akavuta kiti, akasema, "Mama, naomba na ndugu yako asikilize vizuri, maana sasa mambo yamebadilika."

Hapa ndipo ilipoharibika. Lau Fundi angeukunja ulimi wake dakika tano tu, mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini Matroni alikuwa amekwisha kusogeza kiti mbele, mikono magotini, uso wa mtu anayejiandaa kukabidhiwa mfungwa. Fundi aliuona uso ule akashindwa.

"Mtoe huyo," alikwaruza.

"Mama, ni vizuri zaidi kama..."

"Mtoe. Mwili wangu si bweni lake."

Matroni alisimama. Akatoka, funguo zikalia mpaka mwisho wa korido, na Fundi akajiona ameshinda.

Muuguzi akaeleza kwa aliyebaki. Kile kitezi kikorofi kimetoka, na vile vitatu vilivyobaki vimezoea uvivu, vitachukua muda kuamka. Wakati huohuo mifupa, iliyonyang'anywa miaka yote hiyo, sasa ina njaa. Itaivuta kalsiamu yote kutoka kwenye damu. Kwa hiyo kilichokuwa sumu sasa ndiyo dawa. Vidonge hivi vikubwa vyeupe ni vya kalsiamu, hivi vidogo ni vitamini ya kuvisaidia. Ameze asubuhi, mchana na jioni, asiruke hata mara moja. Maziwa anywe. Na akisikia ganzi midomoni, au vidole vinachomachoma kama sindano, asikae nyumbani, aje mbio. Fundi aliitikia kwa kichwa, kaelewa yote. Huwezi kusema hakuelewa.

Nyumbani alilala. Matroni akachukua mfuko wa nguo chafu akafue, na Fundi alipoamka kutaka kumeza vidonge vyake, mfuko wa dawa ulikuwa na vya maumivu peke yake. Vya kalsiamu havipo, vya vitamini navyo havipo. Akatazama chini ya mto, chini ya kitanda. Akasikia jikoni kufuli la kabati likifungwa, ka!

Kichwani mwake jambo likajipanga lenyewe. Kumbe! Kumbe huyu mwanamke hana mchezo. Miaka yote gubu, sasa anataka kuniua kabisa. Alikaa kitandani moyo unamdunda, na angeweza kuita. Angeweza kwenda jikoni, hatua chache, aseme maneno manne: wifi, nipe vidonge vyangu. Duka la dawa lilikuwa kwenye kona. Simu ilikuwa mezani. Lakini ndani ya ile hofu likachomoza jambo jingine, na mtanisamehe, nalisema kama lilivyokuwa: Fundi alifurahi. Kaka yake alikuwa njiani, angefika kesho kutwa. Afike amkute dada yake amepauka, hoi, na vidonge vya hospitali vimefungiwa kabatini na mkewe. Nani angemtetea? Hapo hakuna la kusema tena. Hapo ni virago tu.

Akajilaza. Ahaa, akajiambia, nifungie. Nifungie vizuri.

Siku hiyo ikapita wakinuniana. Matroni alileta uji usio na maziwa, akautua, akasema, "Kula." Fundi akala. Asubuhi iliyofuata midomo ilikuwa na kitu. Alijigusa, akajiambia ni ukavu. Kwa sababu kukaa kitandani kulimtia wazimu, akaburuta ndara mpaka karakana, akashika nyundo ndogo, na kwa mazoea akabana vimisumari midomoni kama mafundi makochi wote wanavyofanya, kichwa cha msumari nje, ulimi unausukuma mmoja mmoja. Alikuwa akigonga kitambaa kwenye mguu wa kiti alipoona vimisumari viko sakafuni. Vyote vilikuwa vimeanguka na yeye hakuvisikia. Akachukua kimoja akajichoma mdomo wa chini nacho, kidogo. Hakuna kitu. Akajichoma tena. Damu ikatoka na bado hakuna kitu.

Hapo aliogopa, nisimsingizie ujasiri. Maneno ya muuguzi yalimrudi yote. Akahesabu: kaka kesho. Leo hii na usiku mmoja. Nitajikaza, akasema. Mkaidi kiasi gani huyu! Mtu anabishana na damu yake mwenyewe.

Kufikia mchana vidole vilikuwa vinachomachoma, na miguu imeanza kubana kwa ndani. Sasa kiburi chake kikaanza kutafuta njia ya pembeni. Kuomba hataomba, ng'o. Lakini maziwa ni maziwa, hayana mwenyewe. Akajifunga kanga, akatoka kwa mlango wa uani, akaenda dukani akiegemea kuta, akanunua pakiti ya maziwa. Alikuwa ameshaifikisha jikoni na anaitafutia mkasi Matroni alipoingia.

"Weka chini."

"Siweki."

"Weka chini, nimesema! Umetoka kupasuliwa juzi kwa ajili ya kalsiamu hiyo hiyo, na leo unakwenda kuifuata dukani kwa miguu yako? Una akili wewe?"

"Unataka kuniua!" Fundi alipiga kelele, yaani alijaribu, kilichotoka ni mkwaruzo. "Vidonge vyangu umevifungia, maziwa unaninyima, unataka kuniua ndani ya nyumba ya baba yangu!"

"Mimi? Wewe ndiye unayetaka kujiua, na mdogo mdogo! Nimeona yale madude kwenye mfuko wa dawa. Kalsiamu, yameandikwa kubwa kabisa! Uliyapata wapi, nani kakuuzia?"

"Nimepewa. Hospitali. Nimeambiwa nimeze."

"Kama ulivyoambiwa umeze zile pipi."

Fundi alikuwa ameshasema kweli, na kweli yake ilikuwa imeshachafuliwa na yeye mwenyewe. Nani angemwamini? Matroni alikuwa ameishika pakiti upande mmoja, Fundi upande wa pili, wanavutana, watu wazima, wanahema. Pakiti ikapasuka. Maziwa yakawamwagikia kifuani, yakatiririka sakafuni, na wote wawili wakabaki wamesimama ndani yake.

"Utayafuta wewe," Matroni alisema.

Fundi alikuwa anautazama mkono wake. Vidole vilikuwa vinajikusanya vyenyewe, gumba linaingia kiganjani, vingine vimenyooka na kubanana kama vya mtu anayeokota chumvi. Alijaribu kuvikunjua. Vikakataa. Wa pili nao ukaanza.

"Acha maigizo," Matroni alisema.

"Si... siigizi."

Hata mdomo ulikuwa umeanza kuvutwa. Matroni akaushika ule mkono, akavuta kidole kimoja kwa nguvu, kidole kikarudi palepale. Na alikuwa ameshika mikono mingi ya wasichana waliojifanya wagonjwa siku ya mtihani, kwa hiyo alijua mkono unaojifanya ukoje. Huu haukuwa hivyo. Uso wake ukabadilika.

"Wifi," alisema. "Wifi, ni kweli umeambiwa umeze?"

Fundi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, ya hasira au ya woga, hata yeye asingekwambia.

Basi yule mwanamke akageuka, akapiga magoti kwenye maziwa, akasema panda. Akambeba Fundi mgongoni. Fundi hakuwa mwepesi, hata siku nzuri. Akatoka naye uani, akapita naye kwenye vumbi na sponji, mpaka barabarani, na alipokuja muuza mitungi ya gesi na pikapu yake, Matroni alisimama katikati ya njia. Njia nzima, wamebanana na mitungi nyuma, alikuwa anaikandakanda ile mikono na kumtukana. "Mpumbavu wewe. Kwa nini hukusema? Una mdomo wa kuuza jirani, kwa nini hukusema? Usifumbe macho! Nitakuzaba!" Fundi alisikia kila tusi na hakufumba macho.

Mapokezi ya dharura walitaka maelezo taratibu. Matroni hakuwapa nafasi. Kabla daktari wa zamu hajauliza lolote alisema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Katolewa kitezi cha parathairoidi. Alipewa vidonge vya kalsiamu, mimi nikavifungia. Hajameza hata kimoja tangu arudi nyumbani. Ni mimi. Mtibuni kwa hilo." Hakutia chumvi, hakupunguza, hakusema nilidhani, hakusema sikuambiwa. Daktari hakupoteza muda kutafuta chanzo. Wakampima moyo, wakamchoma sindano ya mshipa, kalsiamu ikaanza kuingia polepole, na Fundi akaviona vidole vyake vikirudi kimoja kimoja kama watu wanaotoka mafichoni.

Alilala hapo akitazama chupa inavyodondoka, na kilichomkera hakikuwa tena mkono. Kilichomkera ni yale maneno. Ni mimi. Amesema vile mbele ya kila mtu, bila hata kujitetea kidogo! Fundi aliyageuza huku na huku akitafuta unafiki ndani yake, kwa juhudi zote, akakosa.

Kaka yake akafika siku ya pili, moja kwa moja kutoka safarini, shati limegandana na jasho. Alikuwa amekwisha elezwa na majirani, na majirani wanajua kueleza. Akasimama kando ya kitanda, akaushika mkono wa dada yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawa na uamuzi.

"Dada, nimesikia yote. Nilikuwa sioni. Ulikuwa unaniambia miaka yote nami nikadhani ni maneno ya mawifi tu. Sema neno moja. Moja tu, na leo hii anaondoka nyumbani."

Neno hilo Fundi alilingoja tangu kochi lilipokwenda stoo. Alikuwa ameliota, amelifanyia mazoezi akigonga misumari. Na sasa liko mdomoni, na midomo inafanya kazi.

Matroni alikuwa mlangoni. Ameshika chupa ya chai, macho yamevimba, na amesikia. Hakuingia wala hakutoka. Alikuwa anangoja hukumu yake kama alivyowangojesha wasichana wa watu nje ya ofisi yake.

Fundi alimtazama. Angenyamaza, ingekuwa imekwisha. Lakini huyu mwanamke alikwisha sema yake yote palepale mapokezi, na yeye, Fundi, bado amebana yake kifuani. Yaani anishinde hata kwa hili? Hata kwa hili? Thubutu!

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Vidonge. Nilijua havipo tangu siku ile ile niliyotoka. Nikajua viko kabatini. Midomo ikafa ganzi asubuhi ya pili, nikajua ni nini, maana muuguzi aliniambia, mkeo nikiwa nimemfukuza nje asisikie. Sikuuliza. Simu ilikuwepo, duka la dawa lipo. Nilitaka uje unikute vile." Akavuta pumzi, sauti ilikuwa inakata. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Kaka mtu akamwangalia dada yake, akamwangalia mkewe, akarudi kwa dada yake. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyekabidhiwa usukani wa gari lisilo na breki.

"Sasa... sasa mimi nifanyeje?"

"Hilo ndilo linaloniudhi zaidi," Fundi alisema. "Mkeo kanibeba mgongoni mpaka barabarani, na wewe unamtoa kwa neno moja? Neno moja? Hata hukumuuliza!"

Matroni akaingia. Alitembea taratibu, akaitua chupa kwenye kimeza, na hakuwa analia tena.

"Wewe tutaongea nyumbani," alimwambia mumewe. "Leo nimekusikia kwa masikio yangu."

Mume akainama.

Kisha Matroni akamgeukia Fundi, akamwinamia karibu kabisa.

"Ulikuwa tayari ufe," alisema. "Ufe kabisa, ili mimi nionekane muuaji."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nafua kanga zako."

Matroni akauinua mkono, na kwa kitambo kidogo ilionekana wazi kabisa ulikokuwa unakwenda, kisha akaushusha, akashika vidonge viwili vikubwa vyeupe ambavyo muuguzi alikuwa ameviacha kwenye kikombe, akamsukumia midomoni pamoja na maji.

"Meza. Na upone, unanisikia? Upone vizuri. Mimi mgonjwa simpigi."

Fundi akameza. Vilikuwa vikubwa, vilimkwaruza koo lote, na kwa mara ya kwanza tangu alipotolewa kile kitezi alitaka kupona, na upesi.